Meseji ya Kila Asubuhi

Dada yangu hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa na watu wachache.

Aliishi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, ambako mumewe alifanya kazi mpaka alipofariki. Hawakujaliwa watoto. Sisi kwetu ni Tukuyu, na alipobaki mjane nilimwambia arudi nyumbani, au aje kwangu Mbeya. Akakataa. Alisema ana maharage yake, ana jirani yake, na ana kaburi la mume la kufyekea majani. Kila mwaka mvua zikiisha alikuja kunitembelea, na safari moja alifika akiwa amenyamaza kuliko kawaida. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba kibarua mmoja wa kupakia magogo alikuwa amekufa pale kwao, mtu wa mbali, hakuna aliyejua ndugu zake wako wapi. Waliomzika ni vijana waliotoka zamu, na mmoja wao alikuwa akitazama saa wakati jeneza linashushwa.

"Wamemfukia kama wanafukia viazi," alisema. "Mdogo wangu, usije ukaniacha nizikwe hivyo. Nataka watu. Nataka wanawake wa kwetu waimbe, na wewe uwepo."

"Dada, wewe ndiye utakayenizika mimi."

"Sitaki utani kwenye hilo."

Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado wa kubebwa, na aliyenibeba ni yeye. Aliacha shule ili mimi niendelee, nikafika kidato cha nne. Nikikumbuka vizuri, katika maisha yetu yote hakuwahi kuniomba kitu kingine zaidi ya hicho.

Basi nikamwandikisha kwenye chama chetu cha kuzikana, ambacho nilikuwa katibu wake. Ni chama cha watu wa kwetu waliotawanyika kuanzia Mbeya mpaka Iringa: wenye maduka, walimu, wapasua mbao wa Mafinga, wastaafu kama mimi. Kazi yake ni moja. Mtu akifa, wote wajue, na wote waende. Kwetu mtu asiyeonekana msibani anaulizwa miaka na miaka, na sababu zake hazipokelewi.

Zamani tulikuwa tukipigiana simu, huyu anampigia yule, na yule akisahau basi walio mbele yake hawapati habari. Binti yangu, ambaye alisomea kompyuta na anafanya kazi Iringa, ndiye aliyetutoa kwenye tabu hiyo. Tulikodi chumba nyuma ya duka la vitenge pale Mwanjelwa, na humo akaweka seva. Mtu asifikirie kitu kikubwa. Ni boksi jeusi chini ya meza, betri ya kusaidia umeme ukikatika, na kidude chenye laini ya simu. Ndani ya boksi kuna programu tatu zinazofanya kazi zenyewe, kimya kimya, bila mtu kuzifungua. Ya kwanza inapokea taarifa ya msiba kutoka kwa mjumbe wetu wa eneo. Ya pili inatafuta namba za wanachama wanaohusika. Ya tatu inatuma. Mjumbe wa Mgololo akiandika kwamba fulani ametutoka, kabla hajarudisha simu mfukoni watu wa Mafinga na Makambako wameshajua.

Jambo moja nililitaka mimi: namba za ndugu wa karibu zirukwe. Kwetu mfiwa hapewi habari kwenye simu. Watu wanakuja nyumbani kwake, wanakaa, wanatazama chini, na mkubwa wao ndiye anayesema. Binti yangu akaweka hivyo. Wanachama wengine wanaoishi jirani na mfiwa wanapata meseji, na ni juu yao kumwendea.

Kwa kuwa programu hizo hazionekani, binti yangu alisema lazima ziwekewe ulinzi. Akaweka juu ya meza kioo cha kompyuta chenye vidoti vitatu vya kijani, kimoja kwa kila programu. Programu ikifa, kidoti kinageuka kuwa chekundu, seva inajaribu kuiamsha, na tahadhari inaingia kwenye simu yake na yangu. Hilo nililielewa haraka. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa mitambo ya simu, na mambo ya taa na waya si mageni kwangu.

Hakuishia hapo. Akaongeza meseji ya majaribio. Kila asubuhi seva ilijiandikia taarifa ya uongo, ikaipitisha kwenye programu zote tatu kama msiba wa kweli, na kuituma kwa sisi wanakamati. Ilisema tu kwamba hili ni jaribio, mfumo unafanya kazi. Isipofika, yeye kule Iringa anajua kuna tatizo.

Shida ni kwamba ilikuja kwa jina lile lile la chama. Wengi wetu tulikuwa tumeliwekea mlio wake wa pekee ili usitupite. Mlio ule ukisikika, mtu anaweka kijiko chini na mwanamke anatafuta khanga. Sasa ukawa unalia kila siku watu wakinywa chai.

Kamati ikaniita. Mwenyekiti wetu ni mama muuza mchele wa Usangu, mtu wa sauti nzito, na hakuanza kwa salamu ndefu.

"Katibu, huyo mtoto wako anatuua kila asubuhi."

"Ni jaribio tu, Mama Mwenyekiti."

"Jaribio la nani? Mimi nina presha. Leo nimemwaga chai nikajua ni mama mkwe."

"Afadhali wewe," akasema mwanakamati mmoja, mwalimu mstaafu. "Mke wangu ameshaanza kulia kabla sijasoma. Nimemwambia hakuna aliyekufa, sasa amenuna, eti nimemkatisha kilio."

Watu wakacheka. Mwenye nyumba, mzee wa vitenge ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. "Nyie watu kiboko," alisema. "Wenzenu wanafanya mazoezi ya mpira, nyie mnafanya mazoezi ya kufa."

Wakacheka tena, isipokuwa mwenyekiti. "Ni uchuro," alisema. "Msiba hauigizwi. Ukiuita kila siku utaitika. Iondoeni."

Mimi siamini uchuro. Ningeweza kusimama nikaeleza faida ya kitu kile, na nadhani wangenisikiliza, maana mambo ya mitambo walikuwa wananiachia. Sikusimama. Nilikuwa nimeanza kusikia maneno kwamba chama kinaendeshwa na binti wa katibu, na maneno hayo yalikuwa yananiuma. Nikasema, "Itaondolewa leo." Nikampigia hapo hapo, mbele yao, nikaweka simu sauti kubwa.

"Baba, hiyo ndiyo ya maana kuliko zote," alisema. "Vidoti vinakuonyesha kwamba programu iko hai. Havikuonyeshi kama inatuma. Inaweza ikaganda ikabaki hai, na isitume hata meseji moja."

"Wazee wamekataa."

"Basi itume kwenye simu moja. Mnunue simu ya tochi ikae hapo ofisini, haitamsumbua mtu."

"Mwanangu, nimesema iondoe."

"Au nibadilishe jina la..."

"Nilikuwa napima laini kabla hujazaliwa," nikamwambia. "Nitajaribu mwenyewe, kwa mkono wangu, kila asubuhi."

Wanakamati walikuwa wakitabasamu. Akasema, "Sawa, Baba. Lakini iwe kila asubuhi kweli."

Aliyokuwa akinieleza ni kazi yangu mwenyewe. Kwenye mitambo ya zamani taa ya laini iliweza kuwaka vizuri kabisa huku sauti haipiti. Ndiyo maana kila tulipoingia kazini tuliwapigia wenzetu wa upande wa pili, "Iringa, unanisikia?" na hatukusema laini ni nzima mpaka Iringa ajibu. Nilifundishwa hivyo nikiwa kijana na nikawafundisha wengine. Siku ile nilikataa kuisikia kanuni hiyo kwa sababu ilitoka kinywani mwa mtoto wangu na watu wakiwa wanasikiliza.

Mwanzoni nilitimiza ahadi. Nilifungua chumba, nikajitumia jaribio, nikasubiri simu yangu ilie. Baadaye nikawa nafanya hivyo nikikumbuka. Mwisho nikawa nasukuma mlango, naona kijani, narudisha mlango. Misiba ilitokea na meseji zilikwenda, watu wakazikana vizuri, na kwenye mkutano mwenyekiti alinishukuru kwa uangalizi mzuri. Nikapokea shukrani hizo.

Mwaka huu kabla ya mvua kuanza, dada alinipigia. Kule kwao mtandao unapatikana kwa kupanda kilimani, kwa hiyo alikuwa anahema.

"Na mimi bado nimo kwenye hicho chombo chako?"

"Umo, dada."

"Haya. Nilitaka kujua tu." Akaniuliza habari za magoti yangu, akakata.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa kuelezwa. Dada alishikwa na tumbo Jumatatu asubuhi, na jioni akafariki kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Jirani yake akamwambia mjumbe wetu wa Mgololo, seremala, kijana mtaratibu sana. Mjumbe akapanda kilimani, akaandika taarifa kama tulivyomfundisha: jina, kijiji, mazishi Jumatano saa nane mchana, na tarehe yake. Seva ikamjibu kwamba taarifa yake imepokelewa. Ilikuwa kweli, programu ya kwanza iliipokea, na ya pili ikatafuta namba. Ya tatu ilikuwa imeganda tangu Jumapili. Haikufa. Kidoti chake kilikuwa kijani, kwa hiyo hakuna tahadhari iliyokwenda kwa binti yangu wala kwangu.

Mjumbe hakunipigia, na hakuwa na sababu ya kunipigia. Alijua kwamba kule Mbeya watu wameshakwenda nyumbani kwangu, wamekaa, wameniambia kwa adabu kama inavyotakiwa.

Jumanne nilisukuma mlango nikaona kijani. Jumatano vilevile. Dada yangu alikuwa amelazwa ndani ya nyumba yake, na mimi nikafunga kufuli nikaenda kuuliza bei ya mbegu za viazi.

Ijumaa umeme ulikatika Mwanjelwa nzima, ukakawia mpaka betri ya ofisini ikaisha. Mimi nilikuwa kwa kinyozi. Mashine yake ilizimika akiwa ameninyoa upande mmoja, tukakaa tunasubiri, wapita njia wananitania kwamba nimechagua mtindo wa vijana. Yule mwalimu mstaafu alikuwa kwenye benchi akingoja zamu yake. Umeme uliporudi, kinyozi akanishika kichwa akaendelea. Kumbe na seva ilikuwa inajiwasha upya, na ile programu ya tatu ikaamka na kukuta meseji zimepanga foleni.

Simu ya mwalimu ikalia mlio wa chama. Halafu nikausikia mlio huo huo ng'ambo ya barabara, kwenye mchele. Halafu tena, mbali kidogo, upande wa mitumba. Nikaitoa simu yangu mfukoni. Ilikuwa kimya.

Mimi ndiye niliyeuweka utaratibu wa kuruka namba. Nilijua kimya kile maana yake nini kabla mwalimu hajainua macho.

"Nani?" nikamuuliza.

"Mzee mwenzangu, maliza kunyoa kwanza."

"Ni wa kwangu?"

Akamwambia kinyozi azime mashine.

Mwenyekiti alivuka barabara, khanga imeshafungwa kiunoni, akakaa kwenye benchi. Watu wengine wakaja wakakaa chini, na wapita njia wakanyamaza. Akaniambia kama inavyotakiwa, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikamuuliza mazishi ni lini. Akaiangalia tena simu yake, na safari hii aliitazama muda mrefu.

"Imeandikwa Jumatano," alisema.

"Jumatano ijayo? Watakaaje naye mpaka Jumatano?"

Mwalimu akaichukua ile simu mkononi mwake, akasoma tarehe, akamrudishia. Hakuna aliyetaka kulisema. Nikalisema mwenyewe.

Binti yangu nilimpigia nikiwa bado na shuka la kinyozi shingoni. Naye meseji haikumfikia, maana ni ndugu, kwa hiyo ni mimi niliyemwambia, kwa simu, kinyume na nilivyotaka watu waambiwe. Alilia, kisha akaniomba nisubiri. Nikamsikia akibonyeza kompyuta yake.

"Iliganda Jumapili, Baba," alisema. "Jaribio lako la Jumatatu lilipita?"

Nikaanza kulifungua lile shuka shingoni.

"Ulijaribu lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka.

Kesho yake tulikutana Mafinga, mimi na waliotoka Mbeya, yeye na waliotoka Iringa. Tulikuta wengine wengi zaidi. Meseji iliwafikia wote kwa wakati mmoja, na kuna waliosoma jina tu wakaondoka, hawakuangalia siku. Walikuwa wamekuja na kuni, na unga, na masufuria makubwa ya shughuli. Wengine walipoelezwa walirudi. Wengi walisema, kwa kuwa tumeshafika, twendeni. Tukaingia kwenye barabara ya misonobari, nyuma ya malori ya mbao, na kwenye gari letu hakuna mtu aliyeanzisha wimbo. Binti yangu alikaa kiti cha mbele. Sikuuona uso wake mpaka tulipofika.

Jirani wa dada alitoka nje, akatuona tunavyoshuka na kuni zetu, akaziba mdomo kwa mkono. Ni mama wa Kibena, mtu mzima. Alitusalimia, "Kamwene," kila mmoja kwa zamu, hakumruka mtu, kisha akatupeleka kaburini. Kaburi la dada liko karibu na la mumewe. Mvua ilikuwa imeshalipiga, udongo umebonyea katikati.

Mjumbe alikuwa amesimama pembeni kwenye mti. Nilimwita, akaja taratibu kama mtu anayeitwa kuadhibiwa.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Ningejua ningekupigia."

"Niambie ilivyokuwa."

"Tulisubiri," alisema. "Niliazima mabenchi ya kanisani nikayapanga yatazame barabara. Wanawake wakapika ugali wa watu wengi. Saa nane ikapita. Wakasema tumtoe, nikawaambia subirini, watu wa chama wako njiani, nimejibiwa. Wakasubiri. Wakasema tena, nikawazuia tena. Halafu wingu likafunga, wakasema huyu mtoto anatuchezea na maiti ya mama wa watu. Tukazika kwenye mvua. Wachimbaji, mama huyu jirani yake, na majirani wengine wawili watatu. Wengine walishachoka wakaenda makwao."

"Nani alisimama upande wa ndugu?"

"Mimi, mzee. Nilitupa udongo nikasema huu ni wa mdogo wake, atafika."

Mwenyekiti wetu alianza kulia, akasema ni sisi kamati, tulikataa wote. Nikamwambia hapana. Kamati ilikataa mlio. Njia ya kuuondoa mlio bila kuliondoa jaribio nilipewa, na nikaikataa, kisha nikaahidi kazi ambayo sikuifanya. Nililisema hilo kaburini, kwa sauti, na binti yangu akiwepo. Alichuchumaa akaanza kung'oa majani yaliyokuwa yameanza kutokeza pembeni.

Wanawake wa Tukuyu wakaimba. Waliimba vizuri, watu wengi, mpaka watoto wa kiwandani wakaja kutazama. Nilisikiliza nikifikiria kwamba yote haya yalikuwepo Jumatano, kila sauti katika hizi, kila mtu mzima na nauli yake, wamekaa majumbani kwao wanasubiri kuambiwa.

Watu walipokwenda kula, yule jirani alinivuta kando. Akaniambia kwamba tangu siku ya mazishi mjumbe haitikiwi salamu. Wanamwita mwongo, na kuna aliyeondoa kazi yake ya milango kwake akampa seremala mwingine. "Na ni mtoto mzuri," alisema. "Marehemu alikuwa anampenda."

Basi jioni ile nikamchukua mjumbe tukazunguka nyumba kwa nyumba. Nilikuwa bado na kichwa nusu kimenyolewa nusu hakijanyolewa, nimevaa kofia. Kwenye kila mlango nilijitambulisha kuwa ni mdogo wa marehemu, nikasema kijana huyu hakudanganya, alituma, na aliyepaswa kuangalia kama taarifa inatoka ni mimi. Sikueleza habari za programu. Wengi walinipa pole na kunikaribisha ndani. Kwa mjumbe walisema yaishe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja, mkubwa kuliko mimi, alikuwa anapepeta maharage uani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta. Akampa mjumbe mkono. Kisha akanigeukia.

"Alikuwa anakutaja sana huyo dada yako," alisema. "Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mama, sikuwa naumwa."

"Ulikuwa safarini?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa wapi?"

"Mbeya," nikamwambia. "Nilikuwa Mbeya."